Bomba Lililoacha Kukoroma

Kwa miaka kumi na tisa Inspekta alikuwa amezoea kuwazungusha watu mpaka wakiri. Jumapili ile mambo yalikwenda kinyume. Hata saa tatu asubuhi haijagonga, watu wawili walikuwa wamekwisha kukiri kumuua marehemu yuleyule, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja kwa machozi yake, na wala hawakuwa wamesemezana.

"Tukiendelea hivi, afande, ikifika adhuhuri tutakiri hata sisi," alisema koplo, huku akichonga penseli.

Koplo huyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo mwepesi na mwandiko mzuri kuliko wote kituoni. Inspekta hakucheka. Alikuwa akisoma upya karatasi ya daktari, ambayo ilikuwa na mistari minne tu. Marehemu hakuwa na jeraha. Hakuwa na kilevi tumboni. Alikuwa amekosa hewa. Alichovuta badala yake ni hewa ukaa, ile gesi nzito inayotoka kwenye kitu kinachochachuka.

Marehemu waliyemjua wote kwa jina la Kijiko alikuwa mkwanguaji wa matangi katika kiwanda cha spiriti kilicho nyuma ya barabara ya soko. Si spiriti ya kunywa. Kiwanda kile huchukua vitu ambavyo mkulima huvichoma moto au kuvitupa, yaani mabua ya mahindi, magunzi, makapi ya miwa, na kuvigeuza kuwa mafuta ya kutilia magari. Jumamosi saa nane na nusu mchana Kijiko aliingia ndani ya tangi namba tatu kukwangua masimbi, yaani mashapo yaliyoganda chini. Saa tisa kasoro dakika tano alitolewa kwa kamba, na aliyemtoa ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye kiwandani huitwa Kamba kwa sababu kushika kamba ndiyo kazi yake.

Kamba alikuwa mahabusu tangu jana jioni. Mwendesha mashtaka alitaka faili lifike mezani kwake Jumatatu asubuhi, na kwa jinsi mambo yalivyokaa, faili lilikuwa limejiandika lenyewe: mtu wa juu hakutimiza wajibu wake, mtu wa chini akafa. Mama yao alikuwa na watoto wawili tu. Mmoja alikuwa chumba cha maiti na wa pili alikuwa akiomba karatasi atie saini.

"Mlete," alisema Inspekta.

Kamba aliingia, akakaa, akaweka mikono mezani. Viganja vyote viwili vilikuwa vimechubuka mpaka nyama ikaonekana.

"Nieleze tena. Taratibu. Anzia kwenye feni."

"Feni tuliwasha saa sita," alisema Kamba. "Ikafukuza hewa ya mle ndani saa mbili nzima. Msimamizi akaja na kile kipimo cha hewa, akakishusha kwa uzi mpaka chini, kikawaka kijani. Akasaini kibali. Kaka akavaa mkanda, nikamfunga kamba, akashuka."

"Na feni?"

"Tukazima."

"Kwa nini mzime?"

"Huwa tunazima. Ile ikinguruma humsikii mtu wa chini, na kazi yangu mimi ni kumsikia. Utaratibu wetu ni maongezi, afande. Aliye chini na aliye juu hawanyamazi. Mnapiga soga, mnataniana, mnabishana mpira, chochote kile. Wa chini akikata sauti tu, wa juu anavuta. Hakuna kuuliza. Kaka mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

"Jana mliongea nini?"

Kamba alitazama viganja vyake.

"Hatukuongea."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimemnunia."

Penseli ya koplo ilisimama.

"Alichukua shati langu," alisema Kamba. "Jeupe, la kutokea. Hakuniomba. Akalipiga pasi, akaliunguza mgongoni, alama ya pasi nzima ikabaki pale. Asubuhi anacheka, ananiambia vaa koti juu, nani atakuona mgongo? Nikamwambia leo mimi na wewe basi. Kwa hiyo nikasimama pale juu nimeshika kamba, na yeye anaongea peke yake. Akasimulia mambo ya shangazi. Akaimba kidogo. Mimi kimya. Halafu akaniita."

"Alisemaje?"

"'Mdogo wangu.' Mara mbili. 'Mdogo wangu, hebu...' Nikajua anataka kunichekesha nimsamehe, maana ndio mchezo wake. Nikasema moyoni, leo hunipati ng'o."

"Ukakaa muda gani?"

"Dakika tano. Labda saba. Nilipotikisa kamba, ikawa nzito." Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu na makavu. "Andika nimeua, afande. Mbona mnaifanya ngumu? Kazi yangu ilikuwa kumjibu tu."

Inspekta alifunga faili bila kuandika. Si kwamba hakumwamini. Alimwamini neno kwa neno, na hilo ndilo lililokuwa likimkera. Kipimo kilikuwa kimewaka kijani saa nane na robo. Baada ya nusu saa tangi lilikuwa limejaa gesi ya kuua.

"Kununa hakutengenezi gesi," alisema koplo walipokuwa korido.

"Ndiyo maana tunakwenda kiwandani."

Kusema kweli, Inspekta hakuwa na hamu ya kurudi kule. Jana alikwenda akiwa amevaa suti. Wakwe watarajiwa wa binti yake walikuwa wamekuja kujitambulisha, na ugeni ulipokelewa kwa mama mkwe wake, ambaye nyumba yake imepakana ukuta kwa ukuta na kiwanda. Kwa miaka minne nyumba ile ilikuwa ikinuka kama kilabu cha pombe, mpaka nguo zikianikwa kambani zinanuka, na Inspekta alikosa usingizi wiki nzima akiwaza wageni watadhani amewaleta mahali gani. Akasema maneno mawili matatu mahali panapohusika. Siku ilipofika, Mungu akamstiri: tangu wageni waingie hakukuwa na harufu hata ya dawa. Simu ya kituo ilimkuta saa kumi, kikombe mkononi, akaacha wageni kwa mkewe na kuzunguka ukuta kwa miguu kwenda kumtazama Kijiko amelazwa kwenye sakafu ya saruji. Alikagua harakaharaka. Alikuwa na haraka ya kurudi kwa wageni, na sasa aliona haya kukumbuka.

Getini, mlinzi mzee aliwafungulia kabla hawajapiga honi, akapiga saluti iliyomtoa kofia.

"Mkuu! Karibu, mkuu. Nilikuwa nakusubiri nikuulize, vipi ile..."

"Baadaye, mzee wangu," alisema Inspekta, na gari likapita.

Uani kulikuwa na milima mitatu: wa magunzi, wa mabua yaliyofungwa mafungu, na wa makapi ya miwa yaliyokwisha kubadilika rangi kwa mvua. Kuku wawili walikuwa wakiparura pembeni ya mashine ya kukatia. Nyuma yake zilisimama sufuria za mvuke, kisha matangi manne ya chuma, marefu kama nyumba, yamepangwa sambamba na ukuta. Msimamizi aliwapokea akiwa na faili kwapani na suruali iliyonyooshwa mistari.

"Karatasi zangu zimekamilika," alisema, hata kabla ya salamu. "Kibali kipo, saini ipo, saa imeandikwa. Mimi kwenye hili simo."

"Wewe ndiye wa kwanza leo kusema hivyo," alisema koplo. "Hongera."

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu," alisema Inspekta. "Hayo mabua yanakuwaje mafuta?"

Msimamizi alijiweka sawa. Hapo alikuwa nyumbani kwake. "Yanakatwakatwa, yanapikwa kwa mvuke na dawa mpaka yanatoa sukari. Maana hata bua lina sukari, ila imejificha. Maji yake matamu tunayatia tangini pamoja na hamira. Hamira zinakula sukari siku tatu, zinatoa spiriti. Tunaikeneka, yaani tunaichemsha na kukusanya mvuke wake, basi."

"Zinatoa spiriti tu?"

"Na gesi. Hewa ukaa. Nyingi sana, hasa siku ya pili. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo ikikosa njia inalala chini kama maji."

"Njia yake ni ipi?"

Msimamizi alinyoosha kidole juu. Kutoka kwenye kila tangi lilipanda bomba la unene wa mkono, na yote manne yakaungana kwenye bomba moja kubwa lililopanda ukuta na kutokeza upande wa pili. Chini ya kila bomba dogo palikuwa na valvu yenye usukani mwekundu.

"Jana, valvu ya namba tatu ilikuwa imefungwa?"

"Ilikuwa wazi. Feni ikifanya kazi tunaiacha wazi, ili hewa chafu itoke na kwa juu pia."

"Feni ilizimwa saa nane na nusu. Nani aliifunga valvu?"

Msimamizi alifungua faili lake, akapekua, akarudi mwanzo, akapekua tena.

"Haijaandikwa," alisema hatimaye. "Ni mazoea tu. Hakuna anayeifunga, kwa sababu haina haja. Gesi ya matangi mengine inapanda, inatoka nje. Miaka minne haijawahi kurudi chini."

"Matangi mengine yalikuwaje?"

"Namba moja na namba nne yalikuwa matupu, valvu zimefungwa. Namba mbili ndilo lilikuwa linachachuka."

"Siku ya ngapi?"

"Ya pili."

Sauti ya mwanamke ikaingilia kutoka nyuma yao. "Muulize na mimi nilifanya nini siku hiyo ya pili."

Alikuwa ni yule aliyekiri wa pili, Mama Hamira, mama wa makamo mwenye buti za mpira na mikono inayonuka chachu. Yeye ndiye anayezikuza hamira za kiwanda kwenye chumba chake kidogo, anazilisha, anazipima joto na kuzisema kama watoto watundu. Saa moja asubuhi alikuwa amefika kituoni kwa miguu kujisalimisha, na koplo akamrudisha nyumbani kwa sababu kila alichosema kiliishia kwenye kilio.

"Sema sasa, mama," alisema Inspekta. "Kwa utulivu."

"Mimi hamira zangu nazijua kwa bomba, mwanangu. Siku ya pili lile bomba kubwa linakoroma, unalisikia mpaka chooni. Jana saa saba na nusu napita hapa, kimya. Bomba halitoi hata pumzi. Nikasema jamani, hamira zangu zimelala njaa. Nikazimwagia ndoo mbili za molasi, ile shira nyeusi ya miwa." Alijifuta pua kwa mkono wa gauni. "Kumbe hazikulala. Nimezichokoza, zikatoa gesi mara mbili, ikamfuata mtoto wa watu kule alikokuwa. Mimi ndiye niliyemuua. Yule mdogo wake mwacheni."

"Mama, gesi ya namba mbili haiwezi kumfuata mtu namba tatu," alisema Msimamizi kwa uchovu. "Nimekwambia tangu jana."

"Basi ilitoka wapi? Kwenye faili lako?"

Inspekta aliinua mkono, wakanyamaza. Na katika ule ukimya wote wanne wakalisikia: mkoromo mzito, wa kukatikakatika, ukitoka juu ya ukuta.

"Linakoroma," alisema koplo.

"Leo linakoroma," alisema Mama Hamira. "Limeamka jana jioni. Nilikuwa nafunga chumba changu, saa kumi na mbili na nusu hivi, mara likashtuka kwa kishindo, nikaruka. Kama mtu aliyekuwa kabanwa pua halafu akaachiwa."

Msimamizi aliinua macho kwenye bomba. Inspekta hakumtazama. Alikuwa amevuta hewa kwa pua, na harufu ikamjaa mpaka kooni. Ile ile. Tamu, kali, ya pombe changa, aliyoijua kwa miaka minne. Imerudi.

Jana haikuwepo. Tangu wageni waingie hapo saa saba mchana mpaka simu ilipomuita, haikuwepo. Alikuwa amekaa barazani, hatua ishirini kutoka chini ya mdomo wa bomba hilihili, na akamshukuru Mungu.

Aligeuka akautazama ukuta.

"Afande?" alisema koplo. "Umepata kitu?"

"Jana bomba halikukoroma," alisema Inspekta. "Na nyuma ya ukuta hakukuwa na harufu."

"Nani kasema hakukuwa na harufu?"

"Shahidi."

"Shahidi gani? Mimi sina shahidi huyo kwenye daftari."

"Nitakutajia. Panda ngazi uangalie mdomo wa bomba."

Koplo alipandisha sketi kidogo, akapanda ngazi ya chuma iliyoegemezwa ukutani, akainama upande wa pili. Alikaa huko dakika mbili. Alipogeuka alikuwa na kitu kati ya vidole viwili, na uso wake uliwaka kama wa mtu aliyeshinda bao.

"Nyuzi za gunia," alisema, akishuka. "Zimenasa kwenye kutu. Na kuna alama ya waya, imekwaruza rangi mzunguko mzima, mikwaruzo bado inang'aa. Mtu aliliziba hili bomba jana, afande, na jana hiyohiyo akalizibua."

Akageukia matangi na kuanza kuhesabu kwa kidole, akizungumza haraka.

"Gesi ya namba mbili inapanda, inakuta mlango umefungwa. Inatafuta pa kutokea. Namba moja imefungwa. Namba nne imefungwa. Namba tatu iko wazi. Feni ikiwa inafanya kazi, inaipeperusha, ndiyo maana kipimo kikawaka kijani. Feni ikizimwa ili watu wasikilizane, gesi inashuka kimyakimya na kulala chini, na aliye chini ni Kijiko." Akashusha mkono. "Kwa hiyo alipomwita mdogo wake mara mbili, hakuwa anatania."

Mama Hamira alikaa chini palepale, juu ya fungu la mabua.

"Hata wewe, mama, molasi zako zisingefika kwake bila hilo gunia," koplo alimwambia, kwa sauti ambayo Inspekta hakuwa ameisikia kwake kabla. Halafu akamgeukia bosi wake. "Mwenye gunia ndiye mtu wetu. Nikimpata leo, Kamba anarudi kwa mama yake leo."

Inspekta alitikisa kichwa kukubali. Miguu yake ilikuwa imeanza kutembea kuelekea getini bila yeye kuiambia. Angeweza kumtuma koplo kuwahoji wapangaji wa nyumba za jirani, zoezi la siku tatu. Angeweza kusema anakwenda kupiga simu. Aliyapima yote hayo kati ya mlima wa magunzi na mlima wa makapi, na aibu ikampanda kila alipopata njia iliyokuwa nzuri.

Mlinzi mzee alikuwa amekaa ndani ya kibanda chake, juu ya kigoda. Alikuwa amekalia gunia lililokunjwa vizuri mara nne. Alipowaona aliinuka.

"Mkuu. Pole sana kwa kazi. Hili la Kijiko limetuumiza wote, mimi jana sikula." Kisha uso ukamfunguka, na akashusha sauti kama mtu anayeulizia siri njema. "Lakini niambie na mimi nifurahi. Wageni waliridhika?"

"Wageni gani?" aliuliza koplo.

"Si wa binti wa mkuu! Kwani hukualikwa?" Mzee alicheka. "Wiki iliyopita mkuu alisimama hapa ulipo wewe. Akaniambia, mzee wangu, Jumamosi nina ugeni mzito kwa mama mkwe wangu hapo nyuma, hiyo harufu isinifikie, fanya unavyojua. Sasa mtu mkubwa akuombe kwa heshima namna ile, utamwambia huwezi? Saa saba kamili nikapanda. Nikasokomeza tambara, nikaweka na gunia juu, nikakaza kwa waya. Jioni niliposikia gari la wageni linaondoka nikatoa. Hata bosi wangu sijamwambia, maana nilijua hili ni letu wawili."

Koplo alimtazama Inspekta. Daftari lilikuwa wazi mkononi mwake na penseli ilikuwa juu ya karatasi, lakini haikugusa.

"Mzee wangu," alisema Inspekta, "unajua lile bomba ni la nini?"

"La kutolea harufu."

"Kingine hukuambiwa?"

"Aniambie nani? Mimi ni wa geti." Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na tabasamu likaanza kumtoka polepole. "Kwani kuna nini? Nimevunja kitu? Mkuu, kuna nini?"

Inspekta alitafuta maneno ambayo yangekuwa ya kweli na bado yakamwacha mzee yule amesimama. Alipata machache.

"Ulifanya nilichokuomba," alisema. "Mtu akikuuliza, sema hivyohivyo. Usiongeze, usipunguze."

Akachukua lile gunia kwa mikono yake mwenyewe, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo. Mfuko ulikuwa mdogo. Ilimbidi alisukume.

Ndani ya gari hakuna aliyewasha injini. Koplo alikuwa kwenye usukani, anatazama mbele.

"Sijaandika kitu," alisema. "Nakuambia tu ujue, afande. Mzee hana shahidi. Kamba amekiri mwenyewe na ameng'ang'ania. Bosi wa kituo anataka faili lifungwe. Sisemi ufanye. Nasema sijaandika."

Inspekta alimfikiria binti yake, na baba wa mchumba wake, na jinsi jina linavyosafiri katika mtaa. Kisha akaviona vile viganja viwili vilivyochubuka juu ya meza, na akajichukia kwamba alikuwa amevifikiria mwisho.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa sita kasoro kumi."

"Asubuhi ulisema tukifika adhuhuri tutakiri hata sisi."

"Nilikuwa natania, afande."

"Najua. Washa gari."

Njiani alimpigia Mkuu wa kituo na kumweleza kwa sentensi tatu kwamba faili hili haliwezi tena kuwa lake, na kwa nini. Upande wa pili ukasema, "Usiguse kitu. Nakuja." Inspekta alisema ndiyo, mkuu. Lilikuwa jambo geni kuambiwa usiguse kitu.

Kamba aliletwa tena chumba cha mahojiano. Alipoingia alimkuta Inspekta amekaa kwenye kile kiti cha upande wa ukutani, ambacho jana na leo alikuwa amekikalia yeye. Akasita mlangoni.

"Kaa pale," alisema Inspekta, akimwonyesha kiti chake mwenyewe.

"Huyu hapaswi kuwepo," alisema koplo kwa sauti ya chini.

"Najua. Mkuu akifika atamtoa. Mpaka hapo, abaki asikie."

Kamba alikaa kwa ncha ya kiti. "Nitie saini wapi?"

"Hutii saini. Hewa iliyomuua kaka yako iliingia kwa sababu bomba la juu lilikuwa limezibwa. Si wewe uliyeliziba."

Kijana alichukua muda kulielewa hilo. Kisha akauliza swali ambalo Inspekta alikuwa ameliogopa tangu pale chini ya ukuta.

"Lakini kama ningemjibu. Aliponiita. Ningemvuta akapona?"

Inspekta alitamani kumwambia hapana. Ingekuwa zawadi rahisi, na koplo alimtazama kana kwamba anamwomba aitoe.

"Huenda," alisema. "Sijui. Daktari naye hajui. Hilo utabaki nalo na mimi siwezi kukuondolea. Lakini wewe ulimnunia ndugu yako kwa ajili ya shati, na watu hununiana kila siku na jioni wanakula pamoja. Gesi hukuileta wewe."

"Aliileta nani?"

Inspekta alimgeukia koplo. "Andika. Kwa utaratibu, kama kwa mtu yeyote."

Koplo alifungua ukurasa mpya. Aliandika tarehe. Aliandika saa. Mahali pa jina alipaandika bila kuuliza, na mwandiko wake mzuri ukatetereka kidogo. Kisha akaanza na lile swali lake la siku zote, lile ambalo huwaanzia wezi wa kuku na wauaji kwa sauti moja.

"Jumamosi, kati ya saa nane na nusu na saa tisa mchana, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwa mama mkwe wangu, nyuma ya ukuta wa kiwanda. Nilikuwa barazani na wageni."

"Uliona au kusikia jambo lolote lisilo la kawaida?"

"Hakukuwa na harufu," alisema Inspekta. "Nilikuwa nimeagiza isiwepo."

Upande wa pili wa meza Kamba aliinua kichwa.

"Endelea," alisema koplo.

"Baba wa mchumba wa binti yangu aliangalia saa akasema inakaribia tisa, tusimcheleweshe mama na chakula. Akasimama kujinyoosha. Akavuta pumzi ndefu, hivi, mpaka mwisho, akanisifu kwamba mtaa wetu una hewa nzuri." Inspekta alitazama viganja vya Kamba. "Nikamwambia ahsante."